Jina la Kwanza kwenye Kaburi la Zanka

Mzee Elia tumemzika Zanka mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi, akiwa amekula chumvi mpaka akaichoka mwenyewe. Nilikaa upande wa wafiwa, kwenye mkeka, miguu nimeinyoosha, nikipokea mikono ya watu. Siku ya tatu vijana wakanijia na simu zao kuniuliza juu ya jiwe. Siku hizi jiwe la kaburi haliandikwi tena na mtu wa kijijini. Unatuma maneno kwa fundi mjini, anakurudishia picha, unakubali au unakataa, na baada ya wiki marumaru nyeusi inashushwa kwenye pikapu ikiwa na sura ya marehemu pamoja na tai yake. Walitaka niwahakikishie majina ya watoto, nani aanze, nani afuate, na kama waliofariki wachanga nao wawekwe. "Wewe ni mwalimu, bibi, hatutaki kukosea," mmoja wao alisema. Nikawaambia waisome orodha yote kwa sauti mbele ya wazee watatu, kila mzee aitikie, ndipo waitume. Nikaona wanatazamana, wanadhani uzee umeanza kunizungusha. Hawajui kwamba orodha ya majina kaburini, tena katika kijiji hichohicho, iliwahi kunishika koo mwaka mzima, nikiwa na miaka ishirini na miwili na ujuaji wa kuwagawia watu nikabaki nao.

Wengi wanaoandika habari za maisha yao huanza na ukoo, fulani akamzaa fulani. Mimi ukoo nauruka, utakuja wenyewe na balaa lake. Naanza na chumba. Nilikuwa nimepanga Chang'ombe, ya mjini kwetu huku, si ile ya pwani, kwenye nyumba ya vyumba sita ambayo kuta zake hazikufika darini, kwa hiyo mambo ya majirani yalikuwa yangu na yangu yalikuwa yao. Upande wa kulia aliishi mama mmoja muuza karanga, na harufu ya karanga zake za kukaanga ililala kwenye mashuka yangu. Upande wa kushoto walikaa mume na mke waliogombana kila jioni kuhusu chumvi, imezidi au imepungua, mpaka nikawa najua mboga yao kabla sijaijua yangu. Nilikuwa na kitanda cha kamba, kiti kimoja, jiko la mkaa na baiskeli niliyoiingiza ndani kila jioni kama mbuzi. Asubuhi niliiendesha hadi shule niliyofundisha upande wa Msalato. Wakati ule Msalato ilikuwa mashamba ya uwele na migunga tu, hakuna aliyeota kwamba ndege zitatua pale. Nilikuwa na furaha ambayo sikujua kuwa ni furaha, niliiona kama hali ya kawaida ya mtu mwenye ajira.

Yoeli alikuja shuleni kutengeneza pampu ya kisima. Kazi ya siku moja ikamchukua siku nne, na siku ya nne mwalimu mkuu akamuuliza kama hiyo pampu ina ugonjwa wa kurithi. Kila saa Yoeli alikuja mlangoni mwa darasa langu kuomba maji ya kunywa, mtu ambaye maji yote ya shule yalikuwa yanapita mikononi mwake. Alikuwa mrefu, mpole, na mikono yake ilinuka grisi hata baada ya sabuni. Kwao ni Zanka, kwenye barabara ya Kondoa. Kwetu ni Kigwe, upande wa reli. Tulipokubaliana kuoana hatukuona kizuizi chochote: wote tulikuwa wa kanisa moja, wote wa kabila moja, na kati ya vijiji vyetu kulikuwa na mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu. Mshenga akatumwa Kigwe, akarudi ameshiba.

Mwaka huohuo baba yangu, ambaye alikuwa mwinjilisti, alinunua kauntabuku kubwa yenye jalada jekundu akanipa. Yeye ndiye aliyewazika wazee wa pande zetu, na aliona kila mmoja anaondoka na majina yake. Isitoshe, watu walipohamishiwa kwenye vijiji vipya, makaburi yalibaki kwenye mahame, katikati ya miiba, mbuzi wakilala juu yake. "Andika kila jiwe la kwetu lenye maneno," aliniambia. "Mvua mbili tatu zijazo hutasoma kitu." Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha kwamba shule aliyonipeleka haikuwa bure, nikaianza kazi kama inspekta. Nilijifunza kwenda mapema, jua likiwa bado linapiga ubavuni. Nilijifunza kupaka majivu juu ya saruji na kuyafuta kwa kitambaa, herufi zikabaki zimejaa weupe. Nilinakili kila alama, hata mikwaruzo. Makaburi mawili ya zamani ya Kigwe, moja likiwa la mama yake babu yangu, hayakuwa na nukta za kawaida. Baada ya kila neno palikuwa na kiduara chenye tundu katikati, kama kilichogongwa na senti zile za zamani zilizotobolewa. Nilivichora viduara vyote, nikadhani ndio uliokuwa urembo wa siku hizo.

Palikuwa na pengo moja tu kwenye kauntabuku ile. Babu yangu Ndahani, aliyemzaa baba, nilimjua. Alikufa nikiwa mdogo, na nakumbuka goti lake nililolikalia. Mama yake ndiye huyo mwenye kaburi la viduara. Lakini baba yake hakuwa na kaburi popote. Ilisemekana alichukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, asirudi. Baba hakuipenda hadithi hiyo, aliiona imekaa kama kiraka. Aliyebaki wa kuulizwa alikuwa Bibi Loi, dada mdogo wa Ndahani, mwanamke wa miaka sitini na kitu, mnusa ugoro, mwenye maneno ya kejeli. Nilipotaka kwenda kumhoji, baba akanipungia mkono. "Shangazi yangu yule hata mbuzi wake anambadilisha jina kila wiki. Wewe shika mawe. Midomo inasahau, saruji haisahau." Nilimwamini kabisa. Mpaka leo sijui nani kati yetu alikuwa mshamba zaidi.

Siku ya kwenda kujulishwa kwa kina Yoeli ilikuwa ya upepo, vumbi limesimama hewani tangu asubuhi. Nyumba ya baba yake, mzee Elia, ilikuwa tembe la zamani, lenye paa la udongo na ndani kiza chenye ubaridi mtamu. Macho yalichukua muda kuona mitungi imepangwa ukutani na kibuyu cha maziwa kinaning'inia. Mzee Elia alikuwa mrefu kuliko mlango wake. Aliingia ameinama na kutoka ameinama, na kwa sababu hiyo alionekana kama mtu anayemheshimu kila mtu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, kuku mmoja mzima kwa ajili yangu, na maziwa ya mgando yaliyokatwa kwa kijiko. Dada zake Yoeli walinitazama nikila mlenda, waone kama nimeshakuwa mtu wa mjini. Niliuvuta na kuukata kwa kidole kama mama yangu alivyonifundisha, nikasikia mmoja ananong'ona nyuma ya mtungi, "Huyu ni wa kwetu." Nilifurahi sana kwa neno hilo. Baada ya nusu saa lingenigeukia.

Baada ya kula nikaropoka kwamba ninakusanya maandishi ya makaburi. Mzee Elia aliweka bakuli chini. Hakuna mgeni aliyewahi kumuuliza habari za makaburi, na yeye alikuwa na moja alilotamani kulionyesha. Alitutangulia hadi kwenye mahame yao, hatua mia mbili hivi, wanawake wakifuata kwa udadisi. Njiani akanieleza. Baba yake, Masinga, alikufa yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama yake naye hakukaa sana, na mjomba mmoja aliyekuwa na ng'ombe upande wa Kondoa akamchukua akamlea huko. Aliporudi Zanka akiwa kijana, dada yake Magreti na kaka yake Samweli walikuwa wameshakufa, na wazee waliowazika baba na mama wametawanyika. Kilichobaki kilikuwa jiwe. "Lakini jiwe limeniambia kitu," alisema. "Nina kaka mkubwa. Nilipojua kusoma tu, nikamkuta pale, jina la kwanza. Watu wanasema labda alikwenda mkonge. Kila anayerudi kutoka Tanga au Morogoro ninamuuliza. Nimetuma salamu redioni. Mtoto wangu wa kwanza nimempa jina lake." Alisema hayo akitabasamu, kama mtu anayesimulia habari za ndugu aliyechelewa basi.

Nikapiga magoti, nikapaka majivu, nikafuta. Herufi zikajitokeza, hata maneno mawili baada ya jina la kwanza yaliyokuwa yamezibwa na ukoga, ambayo mzee Elia hakuwahi kuyasoma: MASINGA AMELALA HAPA WATOTO WAKE NDAHANI WA KIGWE MAGRETI SAMWELI ELIA. Kigwe nilikuwa nimeimaliza, kaburi kwa kaburi, kaya kwa kaya. Ndahani wa Kigwe alikuwa mmoja tu duniani. Mdomo uliponza kichwa: kabla sijafikiri nikasema kwa sauti, "Mbona huyu ni babu yangu!"

Mzee Elia aliniuliza mara tatu. Ndahani yupi? Mwenye kovu au asiye na kovu? Alikuwa mpole au mkali? Nikamjibu alikuwa mchekeshaji, na kwamba amefariki. Akakaa chini palepale kwenye vumbi akalia kaka yake, kisha akanyanyuka akanikumbatia mimi, damu ya kaka yake, akawa analia na kucheka pamoja. Wanawake wakapiga vigelegele. Halafu vigelegele vikaanza kukatika kimoja kimoja, kadiri kila mama alivyopiga hesabu yake. Kama Ndahani ni kaka wa Elia, baba yangu ni mtoto wa Elia. Kama baba yangu ni mtoto wa Elia, Yoeli ni ndugu wa baba yangu. Kwa hiyo Yoeli alikuwa baba yangu mdogo. Mtu wa mwisho kunyamaza alikuwa shangazi mmoja kiziwi. Mzee Elia ndiye aliyevunja kimya, bila ubaya wowote, kwa furaha tupu: "Mjukuu wangu, hebu msalimie baba yako." Nikamgeukia mwanaume niliyekuwa nimeshamchagulia rangi ya suti ya harusi, nikasema, "Shikamoo." Yoeli akasema, "Marahaba," kwa sauti ya mtu aliyemeza punje vibaya.

Vijana wa leo watauliza kwa nini hatukupuuza. Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo, na hilo halikuwa la sheria ya nchi wala la kanisa tu, lilikuwa la tumbo. Ukimwambia mtu wa kwetu kwamba fulani ni baba yako mdogo, hata awe mgeni wa jana, mwili wenyewe unarudi nyuma. Mimi nilimpenda Yoeli Jumamosi asubuhi, na Jumamosi jioni nilimpenda vilevile lakini nikaona haya. Baba yangu alipopewa habari alisikitika kwa ajili yangu, nadhani kwa dhati, lakini niliona jinsi alivyofungua kauntabuku kwenye ule ukurasa wenye pengo. Akaandika "Masinga wa Zanka" kwa wino, akaupuliza ukauke. Hadithi ya mbeba mizigo ikafutwa. "Saruji imesema," alisema. Nilimchukia kwa dakika kumi hivi.

Kilichofuata ndicho ninachokikumbuka kwa utamu wa ajabu, ingawa kilikuwa kinaniua. Mzee Elia akaanza kunitembelea. Kila alipokuja mjini alipita Chang'ombe na kibuyu cha maziwa au mfuko wa karanga, akainama mlangoni, akakaa kwenye kiti changu cha pekee, nami kitandani. Alitaka kujua kila kitu cha Ndahani. Alilala ubavu gani, alipenda mboga gani, alikuwa akikasirika anafanyaje. Nilichokijua kidogo nilikimaliza siku ya kwanza, nikaanza kukopa kwa baba. Naye alinisimulia aliyokuwa amemwekea kaka yake miaka yote: ndama wa kwanza aliyemnunua mwenyewe, jinsi mjomba alivyomchapa bure, mke wake alivyomkataa mara mbili kabla ya kumkubali. Mambo ambayo mtu humwambia kaka mkubwa tu. Alianza hata kunitania kama babu anavyomtania mjukuu, akiniita mchumba wake, na mimi nilicheka kwa sababu alikuwa mtu mzuri. Nilimpenda, na huo ndio ulikuwa ubaya wenyewe. Alipoondoka nilisikia ule upande wa kushoto wamesitisha ugomvi wa chumvi.

"Huyo mzee ni nani wake?" mume aliuliza.

"Babu yake," mke alijibu.

"Na yule kijana wa pampu?"

"Baba yake mdogo."

"Mh," mume akasema, na mama muuza karanga naye, kutoka upande wa pili, sauti ikipita juu ya kitanda changu, akaitikia, "Mh."

Yoeli alikuja mara moja tu, akasimama uani, hakuingia. Akaniambia kwao wameanza kumtafutia mwingine, na kwamba mavuno ya uwele yakiisha watakwenda kwa watu fulani wa Mayamaya. Ameomba uhamisho wa kikazi, lakini hajui kama atapata kabla ya hapo. Hakulalamika. Alikagua mnyororo wa baiskeli yangu, akaukaza, akanawa mikono, akaondoka. Nilirudi ndani nikalia mpaka mama wa karanga akanipitishia kikombe cha chai juu ya ukuta.

Jumapili moja baada ya ibada, sina la kufanya, nilichukua kauntabuku kuitoa nakala safi kwa ajili ya baba. Nilikuwa nimeweka karatasi za Kigwe upande mmoja wa kitanda na za Zanka upande wa pili. Nilipofika Zanka mkono wangu ukachora kiduara chenye tundu, kisha kingine, nikasimama. Nilikuwa nimevinakili siku ile mbele ya kaburi la Masinga bila kuviona, kichwa changu kikiwa kimejaa msiba wangu. MASINGA, kiduara. AMELALA, kiduara. Vilevile kama vya kaburi la mama yake babu. Vijiji viwili, mwendo wa siku moja na nusu, na mkono mmoja. Sikujua maana yake, lakini kwa mara ya kwanza niliona kwamba saruji haikujiandika yenyewe. Kuna mtu alisimama pale na msumari, saruji ikiwa bado mbichi, na sikuwahi kujiuliza ni nani wala alikuwa na nia gani. Kuuliza si ujinga, husema watu. Mimi nilikuwa nimepitisha miezi mingi bila kuuliza, huku nikijiita msomi.

Nikapanda treni hadi Kigwe, kwa Bibi Loi. Nilimkuta amekaa kivulini mwa nyumba yake anapepeta uwele. "Mbukwenyi," nilimsalimia kwa Kigogo, akaitika bila kuacha ungo. Nikamuuliza nani aliyeandika kaburi la mama yake.

"Nani mwingine? Kaka yangu Ndahani. Pande hizi alikuwa peke yake mwenye herufi. Na ile senti yake aliigonga kila mahali, mpaka kwenye mlango wangu, tazama."

"Bibi, na Zanka aliwahi kuandika?"

Ungo ukasimama. "Zanka? Kwa Masinga?" Akaanza kucheka. "Kwa watani wa ukoo wetu?"

Nilimweleza yote, kaburi, orodha, Yoeli, pengo lililojazwa. Alicheka mpaka ugoro ukamtoka, akanipiga begani, akanipiga tena. Kisha akakasirika. "Baba yangu alikufa vitani amebeba mizigo ya watu, leo ninyi mnanipa baba mpya uzeeni, tena mtani! Nipelekeni huko."

Tulikutana Zanka, ndani ya tembe la mzee Elia, alasiri, jua likiingia kwa mlango kama mkeka ulioachwa hapo. Walikuwepo wazee wanne wa pande zote, baba yangu, Yoeli na baba yake, na sisi wanawake kwenye mitungi. Bibi Loi alipewa kigoda, akakikataa, akakaa sakafuni katikati ya watu. Akasimulia hivi, nami nasimulia kama nilivyosikia.

"Masinga alipokufa, sisi watani tulifika wenye msiba hawajamaliza hata kilio cha kwanza. Ndiyo kazi yetu. Kaka yangu akaingia kaburini akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe beberu, kwa kuwa yeye ndiye mtoto wa kwanza wa marehemu na hakuna aliyemwomba ruhusa ya kuzika. Watu wakacheka machozi yakiwatoka. Mjane peke yake hakucheka. Alikaa tu, mtoto mgongoni, wewe hapo Elia, kamasi tele. Hakula siku ya kwanza, hakula ya pili, uji tulimmwagia mdomoni. Tukaogopa. Tulirudi mara ya pili, mara ya tatu, yuko vilevile. Miezi ikapita. Ndipo watu wa misheni wakatoa saruji kidogo iliyobaki walipojenga kanisa, na mwenye kuandika akatafutwa, akaitwa kaka yangu. Akaandika kwa msumari, neno, senti, neno, senti. Hakuna aliyejua anaandika nini. Alipomaliza akasimama kama padri akasoma kwa sauti: Masinga amelala hapa, watoto wake, wa kwanza Ndahani wa Kigwe! Saruji ilikuwa imeshaanza kushika. Wanaume wakataka kumpiga kweli, si utani tena. Na hapo ndipo mama yako akacheka."

Baba yangu aliinamisha kichwa. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiwakataza watani wasikaribie makaburini, kwa kuwa aliona ni kejeli kwa wafu, na kwa hiyo hajawahi kuona wanachokifanya huko. "Ndiyo sababu hukujua kulisoma jiwe lile," mzee mmoja alimjibu, si kwa ukali. Watu wakaanza kupumua. Watani wanaoana, tena ndio wanaooana vizuri. Niliona mabega ya Yoeli yanashuka. Furaha ilinipanda mpaka masikioni, halafu nikamtazama mzee Elia, nikaona aibu kwa furaha yangu.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono katikati ya magoti. Hakuna aliyekuwa amemfikiria. Kwetu sisi ulikuwa mkosi umeondoka. Kwake yeye alikuwa amefiwa, kwa mara ya pili mwaka uleule, na mtu yuleyule. Mkubwa wa wazee akamwambia utaratibu: neno hili lilitoka kinywani mwake mbele ya watu, kwamba Ndahani ni ndugu yake, na lazima lirudi kwa kinywa chake hichohicho. "Sema wewe, Elia. Ni ndugu yako au si ndugu yako?"

Tukasubiri. Nje kuku walikuwa wanaparua. Nilijua kwamba akisema ni ndugu yake, hakuna Bibi Loi wala kiduara kitakachonisaidia, kwa sababu mtu uliyemlilia kama ndugu ni ndugu. Nilijua pia kwamba ana haki ya kusema hivyo. Yoeli hakumtazama baba yake, na nilimheshimu kwa hilo.

"Mama yangu," mzee Elia alisema mwishoni, akimgeukia Bibi Loi. "Unasema alicheka."

"Alicheka. Wakataka kuifuta, akakataa. Alisema acheni, huyu amenirudishia pumzi. Jioni ile akala."

"Mimi simkumbuki akicheka. Simkumbuki hata sura." Akasogeza kigoda chake karibu naye. "Alicheka vipi?"

Bibi Loi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kejeli. Akafuta mdomo kwa ncha ya kanga. Akafumba macho, akatafuta huko ndani, kisha akacheka. Hakikuwa kicheko chake, chake tulikijua. Hiki kilianza chini, kimebanwa puani kama mtu anayejizuia kanisani, kikaponyoka, kikapanda juu sana, kikaishia kwa kikohozi kidogo cha kujionea haya. Kicheko cha mwanamke kijana. Akafumbua macho.

Machozi yalimshuka mzee Elia, hakuyafuta.

"Ndahani si ndugu yangu," alisema. "Ni mtani wangu. Waoane."

Ndani ya tembe kukawa na kishindo, wazee wanasimama, wanawake wanakusanya pumzi za vigelegele, Yoeli ananitafuta kwa macho gizani. Mzee Elia akainua mkono, wote wakatulia. Alikuwa bado anamtazama Bibi Loi.

"Mtani," alimwambia, "hebu rudia."